Dar es Salaam inadaiwa makumbusho ya wanawake waliotafuta kura

Dar es Salaam inahitaji makumbusho madogo ya wanawake waliopigania kura, na ya wale waliotangulia kuingia palipokuwa pamefungwa. Nasema madogo kwa makusudi. Jengo kubwa la serikali tunalo tayari pale Mtaa wa Shaaban Robert, lilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano, na ndani yake yamo mabaki ya kale, habari za ukoloni na magari waliyopanda viongozi wetu. Kijiji cha Makumbusho kipo Barabara ya Bagamoyo tangu 1967. Nyumba ya Mwalimu Nyerere ya Magomeni imehifadhiwa. Ninachokitaka ni nyumba moja ya kawaida, yenye baraza mbele na ua nyuma, ambamo mtoto wa shule akiingia atatoka akijua ni kina nani walioeneza kadi za TANU mitaani, nani aliimba, nani alichanga, nani alikwenda jela, na kwa nini wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi ule ule walioutafuta.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Wenzetu wanazo nyumba za namna hii. Manchester, Uingereza, ipo nyumba namba 62 ya Mtaa wa Nelson, alimoishi mjane Emmeline Pankhurst na watoto wake. Humo ndimo, Oktoba 1903, wanawake wachache walipokaa na kuunda chama chao cha kudai kura. Miaka ya 1970 nyumba hiyo ilikuwa ibomolewe kupisha hospitali ya jirani. Watu wakapiga kelele, ikasalimika, na mwaka 1987 ikafunguliwa kama makumbusho na kituo cha wanawake. Christchurch, New Zealand, nyumba ya Kate Sheppard, kiongozi wa wanawake waliodai kura, nayo ilifanywa makumbusho. Nchi hiyo ndiyo iliyotangulia zote zinazojitawala kuwapa wanawake kura ya bunge, mwaka 1893, baada ya wanawake kuzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Ni majengo ya kawaida kabisa, na simulizi yake imenyooka: wanaume walikuwa na kura, wanawake hawakuwa nayo, wakaidai, wakaipata.

Tukiiga simulizi hiyo kama ilivyo tutawadanganya watoto wetu. Tanganyika ya mwaka 1955 hakuna Mwafrika aliyekuwa na kura ya kumpeleka mtu Baraza la Kutunga Sheria, awe mwanamume au mwanamke. Wajumbe waliteuliwa. Uchaguzi wa kwanza ulikuja kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na masharti yake hayakumbagua mtu kwa jinsia. Yalidai elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Juu ya hapo, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ndiyo maana wazee wanauita uchaguzi wa kura tatu. TANU ilikaribia kuvunjika kwa ajili yake kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, na Zuberi Mtemvu akatoka kwenda kuunda chama chake cha ANC.

Orodha za kimataifa zinaandika kwamba mwanamke wa Tanganyika alipata kura 1959. Kwenye karatasi ni kweli. Sasa jiulize ni mama gani wa Gerezani, Ilala au Buguruni aliyekuwa amefika darasa la nane mwaka 1958. Ni muuza vitumbua gani angeonyesha kwamba anaingiza pauni 150 kwa mwaka, au binti yupi wa mjini alikuwa na wadhifa wa kutambuliwa na serikali ya Mwingereza? Sheria haikumtaja mwanamke popote, lakini ilimwacha nje kwa uhakika zaidi kuliko kama ingemtaja, maana hapakuwa na kifungu cha kukipinga.

Agosti 1960 masharti yalilegezwa na TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Ushindi huo tunausherehekea, lakini katika viti 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa. Maana yake ni kwamba hata mwanamke aliyekuwa amejiandikisha, sehemu kubwa ya nchi hakukuwa na karatasi ya kutumbukiza. Ilibidi kusubiri Novemba 1, 1962, siku ya kumchagua Rais wa kwanza, Nyerere dhidi ya yule yule Mtemvu, ndipo kura ikawa ya kila mtu mzima bila kuulizwa cheti wala mshahara. Uhuru ulikuwa umekwisha kupatikana Desemba 1961. Kwa hiyo wanawake wengi waliotembea juani kuutafuta walishika karatasi ya kura kwa mara ya kwanza nchi ikiwa huru karibu mwaka mzima.

Zanzibar njia ilikuwa nyingine. Uchaguzi wa Julai 1957 wanawake hawakupiga kura kabisa, na walipoingia vituoni mwaka 1961 ilikuwa baada ya mjadala mkali. Makumbusho ya Dar es Salaam, kwa kuwa yatakuwa ya Watanzania wote, hayana budi kuzieleza njia zote mbili bila kuzichanganya.

Sasa tuje kwa wenyewe. TANU iliundwa Julai 7, 1954. Mwaka uliofuata alifika Dar es Salaam John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza viongozi wa TANU: wanawake wenu wako wapi? Wakamjibu kwamba kitengo cha wanawake kipo. Hakikuwepo. Ikabidi kitafutwe upesi, na aliyepatikana akawa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa mji huu wa mwaka 1926, aliyesoma madarasa machache, na ambaye watu wa mjini walimjua kwa sauti yake katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Hapo ndipo makumbusho yanapotakiwa kukaa kwa kirefu. Vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya Dar es Salaam vilikuwa zaidi ya burudani ya harusi. Ukivitazama kwa jicho la mtu wa siasa, unaona chama kilichokamilika. Kilikuwa na viongozi wanaosikilizwa. Kilikuwa na michango ya kila mara, na aliyeshindwa kuchanga anajulikana. Kilikuwa na sare, na sare ina maana mpango wa fedha, fundi na tarehe. Kilikuwa na wapinzani, kikundi cha mtaa wa pili, na ushindani wao uliwafundisha kutunga maneno makali na kuyafikisha mbali. Kukiwa na msiba, habari ilikuwa imezunguka mji kabla ya adhana ya alasiri. Mtu mwenye mtandao huo mkononi hahitaji kufundishwa namna ya kujaza uwanja wa Mnazi Mmoja. Bibi Titi alivifuata vikundi hivyo kimoja kimoja, na ilipofika Oktoba 1955 wanawake wenye kadi walikuwa wamehesabiwa kuwa 5,000. Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache.

Kulikuwa na sababu nyingine, na siisikii ikitajwa vya kutosha. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka namba 5 uliowakataza watumishi wa serikali wa Kiafrika kujiunga na siasa. Makarani, walimu wa serikali, wauguzi, watu waliosoma, wote wakafungwa mdomo kwa kuogopea kazi. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua, akipika pombe au akipangisha chumba hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Senti yake ilikuwa yake. Alikata kadi mchana kweupe. Yaani ule ule ukosefu wa shule na ajira uliomfungia nje ya kituo cha kura mwaka 1958 ndio uliompa uhuru wa kukijenga chama mwaka 1955. Mimi naona huu ndio moyo wa historia nzima, na nyumba ninayoitaka ikishindwa kueleza hilo basi haina sababu ya kujengwa.

Tena hakuwa peke yake. Hapa mjini walikuwepo Tatu binti Mzee, Halima Hamisi na wenzao. Moshi alikuwepo Halima Selengia, Lindi Sharifa binti Mzee, Tabora Zarura binti Abdulrahman. Tumezoea kumtaja Bibi Titi kila tunapotaka kuonyesha kwamba tunawakumbuka wanawake, halafu tunanyamaza. Jina moja limebebeshwa maelfu ya watu, na hata yeye mwenyewe linamfunika, kwa sababu mtu akigeuzwa nembo hatuulizi tena alipatwa na nini.

Alipatwa na mengi. Mwaka 1965 alikipoteza kiti chake cha ubunge Rufiji. Mwaka 1967, Azimio la Arusha lilipokataza viongozi kupangisha nyumba, alijiuzulu nafasi yake kwenye chama. Oktoba 1969 alikamatwa, na mwaka 1970 akasimama Mahakama Kuu pamoja na wengine sita kwa shitaka la uhaini, mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mzaliwa wa Caribbean. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais, na miaka mingi iliyofuata jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini. Alifariki Johannesburg Novemba 5, 2000. Leo barabara inayopita mbele ya Maktaba Kuu na chuo cha CBE inaitwa kwa jina lake, na makondakta wanalitamka mara nyingi kwa siku kuliko walimu wa historia.

Nitasema wazi: makumbusho yatakayomwonyesha Bibi Titi akiwa jukwaani pembeni ya Nyerere na kuruka miaka ile ya 1969 hadi 1972, heri yasiwepo. Simtaki msimamizi atoe hukumu juu ya kesi ile. Nataka aweke tarehe, shitaka, majina ya washitakiwa na hukumu, halafu amwache mgeni asimame mbele yake. Watoto wetu wanaweza kuelewa kwamba mtu aliyeijenga nchi alifungwa na nchi hiyo hiyo. Wanaona mengi magumu zaidi ya hayo kwenye simu zao.

Na wakati tunasema ukweli, BAWATA nalo lazima liwemo. Baraza la Wanawake Tanzania liliundwa katikati ya miaka ya 1990 chini ya uenyekiti wa Anna Tibaijuka, likaanza kuwauliza wagombea watawafanyia nini wanawake, na mwaka 1997 serikali ikalifutia usajili. Miaka arobaini baada ya lelemama, wanawake waliojipanga nje ya chama walionekana hatari. Huo nao ni ukurasa wa historia ya kura.

Upande wa waliotangulia nina tahadhari moja. Tunapenda sana bango la picha: mwanamke wa kwanza fulani, mwanamke wa kwanza fulani, wote wamevaa vizuri na wanatabasamu. Ukizipanga picha hizo kwa karibu karibu, zinadanganya kama ngazi iliyopandwa bila kupumzika. Mimi ningeomba ukuta mmoja mrefu wa korido, upimwe kwa miaka, kila mwaka uwe na nafasi yake sawa. Sophia Mustafa, aliyezaliwa India na kulelewa Kenya, aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa uchaguzi wa 1958, kisha Barbro Johansson, mmisionari wa Kiswidi ambaye jina lake leo liko kwenye shule ya wasichana pale Luguruni. Lucy Lameck wa Moshi, aliyeanzia uuguzi, akawa mbunge na muda si mrefu naibu waziri. Halafu ukuta unakaa mtupu. Mawaziri kamili wa kwanza wanawake, Julie Manning na Tabitha Siwale, waliteuliwa 1975. Mgombea urais wa kwanza mwanamke, Anna Senkoro, ni 2005. Spika wa kwanza, Anna Makinda, ni 2010. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, 2021. Nafasi tupu kati ya picha na picha ndiyo itakayozungumza, maana humo wamo mamia waliokuwa na uwezo na hawakuitwa.

Wapo watakaosema: mama yuko Ikulu, tunatafuta nini tena? Rais Samia aliingia Ikulu kwa kifungu cha Katiba, akiwa Makamu, baada ya kifo cha Rais Magufuli. Haimpunguzii chochote, lakini inatuambia jinsi mlango ulivyofunguka. Vivyo hivyo viti maalumu. Vilianza vichache sana, na kufikia Bunge la 2015 vilikuwa 113. Vimewaingiza wanawake wengi bungeni, nami sitaki vifutwe kesho. Lakini mbunge wa viti maalumu hapelekwi na wananchi wa jimbo, anapelekwa na orodha ya chama. Mfuko wa maendeleo ya jimbo haumhusu. Na Katiba inamtaka Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa majimbo, kwa hiyo nafasi hiyo haimfikii. Bibi Titi alisimama jimboni, akashinda, akashindwa. Makumbusho ya kura hayawezi kukwepa kuuliza kura ya mwanamke ina uzito gani leo, ndani ya chama na nje yake, na kama karatasi yake inahesabiwa kwa namna anayoiamini. Wasimamizi wakiliogopa swali hilo, watabaki na nyumba ya picha.

Kuhusu mahali sina shaka kwamba iwe Kariakoo, Gerezani au Ilala, si Masaki wala Oysterbay. Nyumba za Kiswahili za miaka ile bado zipo chache: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko, kisima na choo, na mbele baraza la simenti. Mambo yote niliyoyataja yalifanyika ndani ya ramani hiyo. Barazani wanaume walikaa na gazeti. Uani ndiko wanawake walikopika, kushona sare na kupanga. Ukimpitisha mgeni kuanzia barazani mpaka uani, kisha ukamrudisha, ataelewa kwa miguu yake siasa za mji huu zilikuwa na pande mbili na upande upi haukuandikwa. Lakini nyumba hizo zinakwenda. Kila ukipita Kariakoo unakuta uzio wa mabati na ghorofa linaota. Na nyumba ya miaka ya 1950 haina kinga yoyote mpaka waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale aitangaze, maana sheria yetu ya 1964 inalinda yenyewe majengo ya kale zaidi ya hapo.

Vitu navyo vinakwenda, tena kimya kimya. Kadi ya TANU ya bibi imo ndani ya bahasha, bahasha imo kwenye sanduku la bati, sanduku liko juu ya kabati kwa binti yake wa mwisho Mbagala. Humo humo kuna picha ya kikundi, wanawake wamejipanga safu mbili, kanga zimefanana, na nyuma ya picha kwa kalamu ya wino yameandikwa majina ambayo nusu yamefutika kwa unyevu. Siku nyumba inagawanywa, sanduku linaitwa takataka. Mtafiti Mmarekani Susan Geiger alikuja na kinasa sauti miaka ya 1980, akakaa na Bibi Titi na wenzake na kuwasikiliza. Bila yeye mengi ya haya tusingeyajua. Mohamed Said ameandika kwa miaka mingi juu ya familia za mji huu na TANU. Kazi hizo mbili zinathibitisha kwamba habari zilikuwepo, kwenye vinywa na masanduku, zikisubiri mtu wa kuuliza. Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1955 leo wamepita tisini.

Fedha? Najua wodi za wazazi zina msongamano na mabomba hayatoi maji. Sizichukui fedha hizo. Nyumba moja, walinzi wawili, mhifadhi aliyesomea kazi yake, kompyuta na skana: hiyo si bajeti ya kuvunja hospitali. Na kazi inaweza kuanza hata kabla ya nyumba. Maktaba Kuu itenge meza moja. Serikali za mitaa zitangaze, misikiti na makanisa yatangaze, kwamba mwenye kadi, picha, kanga ya kampeni au barua ailete, ipigwe picha mbele yake, aandikiwe maelezo, arudishiwe siku hiyo hiyo. Familia nyingi haziamini kutoa kitu moja kwa moja, na zina haki. Wanafunzi wa historia wa Mlimani wapewe kazi ya kuwarekodi wakongwe waliobaki, kwa Kiswahili, bila kuwaharakisha.

Siku ya kuzindua ipo tayari. Julai 31, 1962, wanawake kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana hapa hapa Dar es Salaam na kuunda umoja wao wa bara zima. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kama Siku ya Mwanamke wa Afrika, na sisi wenye mji tunaipita kama siku nyingine.

Linabaki swali la mwenye nyumba. CCM na UWT, jumuiya yake ya wanawake, wana nyaraka na wana haki ya kuheshimiwa kwa kuzitunza, lakini nyumba yenye habari za 1969 na za BAWATA haiwezi kusimamiwa na chama, wala na ofisi inayoteuliwa na chama. Ningependekeza bodi ya wadhamini: familia za wanawake wenyewe, wanahistoria, Makumbusho ya Taifa kwa utaalamu wa uhifadhi, na TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, pamoja na TGNP, mtandao wa jinsia, kwa uzoefu wao. Katiba yao iandike mapema kwamba hakuna kielelezo kitakachoondolewa ukutani kwa simu kutoka juu, na kwamba akitakiwa kuondoa kitu, mhifadhi ataandika sababu na jina la aliyeagiza, na karatasi hiyo itabandikwa pale pale kilipokuwa.